Jino la Utoto Nalo ni Jino

Mtoto wa miaka mitano akishika shavu na kulia usiku kucha, nyumba nyingi zina majibu mawili tayari. La kwanza ni la bibi: "Mwacheni, hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe." La pili ni la baba aliyekosa usingizi: "Kesho mpelekeni akang'olewe. Dawa ya jino ni kung'oa." Ukiyasikia utadhani yanapingana, kumbe yametoka chungu kimoja. Yote mawili yanalichukulia jino la utoto kama mpangaji aliyekwisha funga mizigo. Nani atamkarabatia chumba mtu anayehama?

Kati ya kuacha na kung'oa kuna matibabu mengi, na mengine hayahitaji sindano, mashine wala umeme. Mojawapo lilizaliwa hapa hapa Tanzania, likaenda kutumika duniani kote, huku sisi tukibaki na koleo. Uchambuzi huu unayapitia matibabu hayo moja baada ya jingine, na kuuliza kwa nini bibi na baba bado wanashinda.

Hesabu ya miaka

Tuanze na siku ya kuhama yenyewe, maana kosa linaanzia hapo. Meno ya utoto ni 20. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na miezi 6 hivi, na yote huwa yametimia anapokaribia miaka 3. Ya mbele huanza kulegea kwenye miaka 6 au 7, na hayo ndiyo tunayoyakumbuka, kwa kuwa ndiyo yaliyorushwa juu ya paa. Lakini magego ya utoto, yanayotafuna na kutoboka sana, hukaa kinywani hadi miaka 9, 10, hata 12. Gego la mwisho la yule mtoto wa miaka mitano limebakiza miaka sita au zaidi ya kazi. Kumwambia asubiri litoke lenyewe ni kumwambia asome karibu shule ya msingi nzima akitafunia upande mmoja.

Kalenda hiyo ina mtego mwingine. Kwenye miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego yote ya utoto. Halimsukumi mtangulizi yeyote, haliachi pengo, wala hakuna jino linalotoka kulitangulia, kwa hiyo huingia kimya kimya kama mgeni wa usiku. Mzazi akilikuta limetoboka mtoto akiwa na miaka 8, hudhani ni la utoto na kusema liondolewe litaota jingine. Halioti jingine.

Upande wa pili wa hesabu ni kina. Jino lina gamba gumu la nje, chini yake kuna dentini iliyo laini zaidi na ya manjano kidogo, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria waliomo kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hulinyonya gamba madini yake. Mate huyarudisha madini, ila yanahitaji nafasi ya kufanya kazi. Mtoto anayekunywa chai ya sukari alfajiri, juisi ya pakiti saa nne, pipi mchana na soda jioni hayapi mate nafasi hata mara moja. Ndiyo maana kuigusa sukari mara nyingi huumiza meno kuliko kuila kwa mkupuo mmoja baada ya chakula. Tena gamba la jino la utoto ni jembamba na kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na umbo la jino, hivyo uozo husafiri haraka kufika kwenye maumivu.

Basi daktari au tabibu wa meno anayeinama juu ya kinywa cha mtoto ana maswali mawili ya msingi: uozo umefika wapi, na jino hili limebakiza miaka mingapi? Yote yanayofuata yanapangwa na maswali hayo.

Kabla ya tundu

Inua mdomo wa juu wa mtoto mdogo uangalie meno ya mbele karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chokaa, usiong'aa, huo ndio mwanzo wa kuoza. Hapo hakuna tundu bado, na madini yanaweza kurudi. Tiba yake ni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, isiyopungua sehemu 1,000 kwa milioni, kiasi ambacho huandikwa kwenye boksi. Kabla ya miaka 3 inatosha dawa ya ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Mtoto ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki mdomoni. Na mswaki aushike mzazi. Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake hawezi kufikia magego ya nyuma.

Kliniki inaweza kuongeza vanishi ya floraidi. Ni dawa nzito inayopakwa kwa brashi ndogo, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, nayo hugandia kwenye jino baada ya dakika chache tu. Kwa lile gego la miaka 6 ipo pia tiba ya kufunga mifereji: sehemu ya juu ya gego ina mabonde membamba ambayo unyoya wa mswaki hauingii, na tabibu huyajaza utando mgumu unaozuia chakula kutuama. Haumi hata kidogo, na mara nyingi mtoto hushangaa kuambiwa kwamba amekwisha.

Kuhusu floraidi, watu wa kaskazini mwa Tanzania wana haki ya kuuliza swali. Katika Bonde la Ufa na kandokando ya Mlima Meru, maji yana floraidi kupita kiasi. Kijiji cha Maji ya Chai mkoani Arusha kinajulikana kwa hilo. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huo vinakipita. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage huongeza mengine. Floraidi ikizidi wakati meno yanajengwa ndani ya taya, yanaota yakiwa na madoa ya kahawia na pengine vishimo. Madoa hayo si uchafu, na mtoto asisimangwe kwamba hapigi mswaki. Kwa familia hizo suala kubwa ni maji ya kunywa na ya kupikia katika miaka ya mwanzo. Mswaki unaendelea, kwa kipimo kile kile kidogo na mzazi akihakikisha mtoto hamezi dawa.

Tundu dogo: tiba iliyozaliwa Dar es Salaam

Gamba likishapasuka, mswaki hautoshi. Picha iliyomo vichwani mwetu ni ya kiti kikubwa, taa usoni na mashine inayolia kama nyuki. Mashine hiyo inataka umeme, hewa ya kompresa, maji safi na fundi wa kuitengeneza. Katikati ya miaka ya 1980, mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipofika vijijini ulikuta hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakauliza: je, tukiiacha mashine kabisa?

Jibu lao leo linaitwa ART kwa kifupi, lisichanganywe na dawa za kufubaza virusi zenye kifupi hicho hicho. Tabibu anatumia vifaa vya mkono tu. Anapanua mdomo wa tundu kwa tindo ndogo, anachokoa sehemu iliyolainika kwa kijiko chenye ncha, anakausha kwa pamba, kisha anajaza saruji ya glasi ayonoma. Anaikandamiza kwa kidole cha glavu kilichopakwa vaselini, ili saruji iingie pia kwenye mifereji ya jirani. Mtoto asile kwa saa moja, basi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa kinachotolewa ni kile kilichokwisha kufa.

Usahili huu usimdanganye mtu akadhani ni tiba ya maskini. Ndani yake mna wazo lililobadilisha udaktari wa meno: si lazima kukwangua kila chembe ya uozo. Bakteria waliofungiwa chini ya saruji inayoshika vizuri wanakatiwa chakula, na uozo husimama. Njia hii ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, WHO ikaitangaza Siku ya Afya Duniani ya tarehe 7 Aprili 1994, na sasa hutumika hata katika nchi zenye mashine kila chumba, kwa sababu mtoto anayeogopa ni yule yule kila mahali.

Ina mipaka yake. Tundu likiwa upande mmoja tu wa jino la utoto, zaidi ya meno 9 kati ya 10 hubaki na saruji yao baada ya miaka miwili. Likiwa limekula pande mbili, hasa pale magego mawili yanapogusana, saruji hudumu kwa meno 6 hivi kati ya 10. Tabibu anayesema "hili kubwa, saruji itadondoka" hajifichi nyuma ya uvivu.

Kwa matundu ya namna hiyo kuna njia mbili, na zote mbili hugonga ukuta wa sura. Ya kwanza ni dawa ya maji yenye fedha na floraidi, ya asilimia 38, inayopakwa kwa dakika moja hivi. Fedha huua bakteria, floraidi hulikaza jino, na uozo husimama bila kuchokolewa. Gharama yake ni rangi: sehemu iliyooza huwa nyeusi tii na kubaki hivyo. Kwenye gego haionekani. Kwenye meno ya mbele ya binti anayejiandaa kwa picha ya darasa, mama anapaswa kuulizwa kwanza. Ya pili ni kofia ya chuma. Daktari wa Scotland, Norna Hall, alikuwa akiivika kofia hiyo juu ya gego lililotoboka bila kuchonga wala kuchoma ganzi, na matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2006 wengi walistaajabu kuona yanavyodumu. Kofia hukaa hadi siku gego litakapong'oka nalo pamoja. Inang'aa kama kijiko kipya, na watoto wengi huionea fahari kuliko wazazi wao.

Neno moja kuhusu risasi, kama wengi wanavyoiita ile ziba ya rangi ya kijivu. Imetengenezwa kwa zebaki iliyochanganywa na metali nyingine. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba isitumike kwenye meno ya utoto, kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Mzazi anayeambiwa mwanawe atazibwa kwa hiyo ana sababu ya kuuliza kuna nini kingine.

Uozo ukigonga kiini

Maumivu yanayokuja kwa maji baridi au sukari na kuondoka mara moja yanasema kiini kimechokozwa. Yanayokuja yenyewe usiku na kukaa yanasema kiini kinaugua. Kipele cha usaha kwenye ufizi juu ya jino kinasema kiini kimekufa.

Kiini kilichougua upande wa juu tu kinaweza kukatwa nusu: daktari anaondoa sehemu ya ndani ya taji la jino, anaiacha ile ya mizizini ikiwa hai, anaifunika kwa dawa na kuvisha kofia. Kikifa chote, mizizi husafishwa na kujazwa. Tofauti na jino la mtu mzima, dawa ya kujazia hapa lazima iwe ya kuyeyuka, kwa kuwa mizizi ya jino la utoto huliwa pole pole na jino la ukubwani linalopanda kutoka chini. Ndiyo maana jino lililotoka lenyewe huonekana halina mizizi. Matibabu haya yanataka ganzi, picha ya eksirei, muda na mtoto anayeweza kutulia. Kwa gego la mtoto wa miaka 5 yanalipa. Kwa lile la mtoto wa miaka 10, lililobakiza miezi, ni kumvika viatu vipya mtu aliyefika mlangoni.

Hapa ndipo maduka ya dawa yanapovuna. Amoksilini haizibi tundu wala haikifufui kiini. Inapunguza uvimbe kwa muda, kisha mzunguko unaanza upya. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto inafaa kumpitisha usiku, ila aspirini asipewe. Na uvimbe ukishuka shingoni au kufunga jicho, mtoto akapata homa na kushindwa kumeza, huyo si wa kusubiri asubuhi.

Koleo na haki yake

Kung'oa ni tiba halali. Jino lililooza hadi ufizini, lenye usaha unaorudi, linatishia jino la ukubwani lililolala chini yake, na kuliacha ni kumtesa mtoto. Kosa ni kulifanya koleo kuwa jibu la kwanza. Jino la utoto humlindia mwenziwe kiwanja. Kila mkazi wa mji anajua yanayokipata kiwanja kisicho na mlinzi: gego la miaka 6 husogea mbele na kujenga, na mwenye hati anapofika, mtoto akiwa na miaka 11, hukuta mlango umefungwa, akaota pembeni au akakwama ndani. Daktari anaweza kuweka waya wa kushikilia nafasi, ukigandishwa kwenye jino la jirani. Unalinda kiwanja lakini hautafuni. Wahenga walikwisha sema jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya mbele ya utoto yakitolewa mapema hasara ya nafasi ni ndogo, ingawa matamshi na tabasamu huyumba.

Kuna kung'oa kwingine ambako hakuna haki yoyote. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani ya "meno ya plastiki". Uganda huitwa ebinyo. Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, mtu anafunua mdomo wake, anaona ufizi umevimba kwa weupe pale chonge zinapojiandaa kuota, na kutangaza ugonjwa. Kisha mganga anapasua ufizi kwa wembe au kitu chochote chenye ncha na kutoa kijino laini, cheupe kama plastiki. Kile ni chonge changa, na kila mtoto mwenye afya anacho. Wengine wamekufa kwa kuvuja damu na maambukizi, na waliopona wengi wameishi na chonge za ukubwani zilizoota kombo au zisizoota kabisa. Kuharisha kulitaka maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya.

Kwa nini koleo linashinda

Mwaka 2022 WHO ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Hata nchi tajiri hazijapata ushindi. Uingereza ilifuatilia watoto zaidi ya 1,100 wenye meno yaliyotoboka, wengine wakizibwa kwa mashine, wengine uozo ukifungiwa ndani, wengine wakipewa kinga peke yake. Kwa miaka takriban mitatu, watoto zaidi ya 4 kati ya 10 walipata maumivu au maambukizi, na hakuna kundi lililolipita jingine kwa tofauti ya maana. Matokeo hayo yaliyotolewa mwaka 2020 yana ujumbe mkali: tundu likishatokea, njia zote zinakimbizana na muda, na ushindi mkubwa ulikuwa kabla yake.

Kwetu kuna sababu nyingine ya ziada. Tafiti za Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba kazi kubwa ya kliniki za meno za serikali ni kung'oa. Hata kliniki za majaribio ambazo wataalamu wake walifunzwa ART, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ziliziba meno mengi kuliko awali, lakini koleo likaendelea kutawala. Mgonjwa anachangia, kwa kuja jino likiwa halina la kuokoa. Stoo nayo inachangia. Koleo huchemshwa na kurudi kazini kesho, na keshokutwa, kwa miaka. Saruji ikiisha imeisha, na lazima mtu aiagize. Kituo chenye koleo na kisicho na saruji kitang'oa hata kama tabibu wake anajua kuziba.

Ndiyo maana hatua ya WHO ya mwaka 2021, iliyoonekana ya makaratasi, ina uzito: iliingiza dawa ya mswaki yenye floraidi, dawa ya fedha na floraidi, na saruji ya glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Orodha hiyo ndiyo inayoongoza nchi nyingi kuamua kipi kinunuliwe na bohari. Saruji ikishakuwa dawa muhimu, kukosekana kwake si bahati mbaya tena. Ni jambo ambalo mganga mkuu wa wilaya anaweza kuulizwa.

Mzazi naye ana maswali yake, na hayahitaji elimu ya udaktari. Hili ni jino la utoto au la ukubwani? Limebakiza miaka mingapi? Linaweza kuzibwa leo, na kama haliwezi, ni kwa sababu limeoza mno au kwa sababu saruji hakuna? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakalomwonyesha kama koleo limeitwa na ugonjwa, au limeitwa na rafu tupu ya stoo.